Mwito

Karatasi tuliikuta siku ya kwanza
ndani ya kidroo cha dashibodi,
chini ya kitambaa cha kufutia kioo
na risiti ya maegesho ya mji tusioujua.
Maandishi yamesimama wima, safu kwa safu.
Tukasema labda ni dua ya wenyewe,
labda garantii.
Mbarak akaikunja mara nne
akaisukumiza chini ya mguu wa friji uliopunguka.
Friji ikatulia. Miaka mitatu haikutikisika.

Gari lenyewe, mashallah,
jeusi, refu, la viti saba,
limekula mkopo wa sacco na mikufu yangu miwili.
Harusi Lamu, maziko Malindi,
twende sote, hapana wa kubaki kulinda nyumba.
Mama mkwe alinyoosha magoti yake mabovu
akasema, leo nami nimepanda kama mtu.
Mimi nilikaa mbele. Mbele ndiko kwa mke.
Nilikaa na mimba ya Raya,
nikakaa na Raya mwenyewe kifuani, ananyonya,
kisogo chake kikielekea dashibodi.

Mwezi uliopita friji ilikufa.
Fundi Mwachiro kaivuta, karatasi ikachomoka,
imepiga manjano, ina pete ya kutu.
Mdogo wangu Zamzam, atembezaye Wajapani pale Ngomeni,
alikuwa jikoni na hamri mkononi.
Akasoma kimya.
Akaliweka hamri chini.

"Hii si dua."
"Yasemaje?"
"Yaita."
"Yamwita nani?"
"Gari. Yasema lirudi."

Yaanza kwa salamu:
maua ya masika yamepukutika, twakutakia afya.
Kisha yaomba radhi. Zamzam alihesabu, mara tano.
Kisha: mfuko wa hewa, kiti cha abiria,
ule wa kuvimba kama mto ukupokee kifua,
baruti yake huharibika penye joto na unyevu,
na siku ya kugongana, kasha la chuma hupasuka,
vipande vikamwendea aliyeketi.
Tafadhali lilete. Ni bure.
Ni kazi ya dakika arobaini.

Joto na unyevu.
Nikaangalia dirishani. Tudor, mwezi wa tatu,
shuka yanata mwilini,
chumvi imeshikana ndani ya kichupa
hadi uigonge kwa kijiko.

Tukaenda kwa wakala, Shimanzi, penye kiyoyozi.
Kijana wa tai akaingiza namba ya chasi,
akasubiri, akatikisa kichwa kwa adabu.
"Hili halikupitia kwetu, mama.
Barua ameandikiwa bwana mmoja wa Nagoya."
"Kifua je? Nacho ni cha bwana wa Nagoya?"
Akatazama kibodi yake.

Kataa neno, usikatae mwito, tulifunzwa.
Hawakutufunza la kufanya
mwito ukifika kwa lugha ya watu,
ukalala miaka mitatu chini ya friji,
na siku unapoitika, labeka,
mlangoni hapana mtu.

Mwachiro asema kifaa chapatikana Dubai,
bei yake mikufu miwili mingine.
Kopo la akiba limefika nusu.
Kwa sasa nimehamia nyuma,
kati ya Raya na magoti ya mama mkwe,
na jirani Bi Tima ameshatangaza
kuwa nyumba ya Mbarak imeingia mdudu,
mke hakai tena ubavuni.
Na aseme.

Kiti cha mbele twapakia ndimu na mkate wa mofa.

Jana, mteremko wa daraja la Nyali,
tuktuk ilikata mbele yetu ghafla.
Mbarak akakanyaga breki.
Ndimu zikamwagika.
Nami nikauona, kutoka huku nyuma,
mkono wake wa kushoto umeruka peke yake
ukanyooka juu ya kiti kitupu,
kiganja wazi,
kuzuia kifua changu.